Nani Aliyeiangusha Ndege Ile?

Katika nyumba moja ya mtaa wa Nyakuron, mjini Juba, kimehifadhiwa kipande cha aluminiamu kinachokaribia ukubwa wa ungo. Kingo zake zimekunjamana, upande mmoja una mstari wa vichwa vya ribiti, na upande wa pili ungali na mabaka ya rangi ya kijivu. Kwa miaka mingi kipande hicho kilikuwa kikifunikia mtungi wa maji. Tangu baba mwenye nyumba alipofariki dunia, mjane wake amekiondoa mtungini, amekifunga katika kitambaa na kukitia sandukuni, kwa kuwa watoto wamemwambia kwamba kile si kifuniko bali ni ushahidi.

Marehemu alihudumia mzinga wa kutungulia ndege katika vita vile vilivyoanza mwaka 1983 na kumalizika kwa mkataba wa mwaka 2005. Jamaa walipokutana kupanga maneno ya kuandikwa juu ya kaburi lake, kijana wake mkubwa, ambaye ni askari polisi, alipendekeza iandikwe kwamba baba yao aliangusha ndege mbili za adui. Mama akasita.

"Mwanangu, baba yako hakupata kuniambia mbili," alisema. "Siku akiwa na furaha alisema, 'Tuliangusha.' Siku akiwa mgonjwa alisema, 'Tulipiga, ikaenda na moshi.' Hiyo ya pili wewe umeitoa wapi?"

"Mama, wenzake wote wanasema mbili."

"Wenzake wapi? Si hao hao waliokuwa na mizinga yao, na kila mmoja anasema ni yeye?"

Mwandishi wa makala haya alikuwa mgeni katika kikao hicho, wala si adabu ya mgeni kuamua shauri la watu wa nyumba moja. Hata hivyo, swali la mama yule ni zito kuliko alivyodhani mwenyewe. Majeshi makubwa ya dunia, yenye makarani, kamera na wapelelezi, yamelihangaikia tangu ndege zilipoanza kupigana angani, na aghalabu yameshindwa kulijibu.

Tuchukue siku moja iliyochunguzwa mno. Tarehe 15 Septemba 1940 ndege za Ujerumani zilifanya mashambulio makubwa juu ya London. Jioni ile Waingereza walitangaza kwamba wametungua ndege 185. Vita vilipokwisha, na madaftari ya Wajerumani wenyewe yalipofunguliwa, ilionekana kwamba siku ile walipoteza ndege zipatazo 60. Yaani katika kila ndege tatu zilizotangazwa, moja tu ndiyo iliyoanguka kweli. Na hapo ndugu msomaji asisahau kwamba mapigano yale yalikuwa juu ya nchi ya Waingereza wenyewe, ambako mabaki yaliangukia mashambani mwao na polisi wao waliweza kwenda kuyahesabu kwa baiskeli.

Je, marubani wale walikuwa waongo? La, hasha. Rubani wa ndege ya kivita humwona adui wake kwa sekunde chache tu. Akifyatua risasi na kuona moshi, hawezi kumfuata kwa macho mpaka ardhini, maana akifanya hivyo naye atapigwa kutoka nyuma. Yampasa ageuke mara moja. Akigeuka, ile aliyoipiga imekwisha ingia mawinguni. Huku nyuma mwenzake wa pili anaiona ndege ile ile, anaipiga, naye anarudi kituoni akisema ameangusha moja. Wa tatu kadhalika. Ndege moja imeanguka, na marubani watatu wenye nyoyo safi wameandikiwa moja moja.

Tena upo moshi wa kudanganya. Rubani wa Messerschmitt akitaka kukimbia alielekeza pua chini na kuipa injini nguvu zote kwa ghafula, na injini ikatema moshi mweusi. Aliyekuwa nyuma yake aliona ndege inayoporomoka na kufuka moshi, akaandika kuwa imekwisha. Yule aliyeandikwa marehemu alinyoosha ndege karibu na miti, akaenda zake kwao kula chakula cha jioni.

Majeshi yalitunga kanuni za kuzuia makosa hayo. Waingereza waligawa madai katika mafungu matatu: ndege iliyoangamizwa, iliyoangamizwa yamkini, na iliyoharibiwa tu. Wajerumani walidai shahidi na karatasi nyingi za kujaza. Kisha zikafungwa kamera katika mbawa, zikawa zinapiga picha wakati ule ule bunduki zinapofyatuliwa. Lakini kamera hiyo ilikoma bunduki zilipokoma. Ilionyesha risasi zikiingia katika bawa la adui, isionyeshe mwisho wa safari yake. Na shahidi ni binadamu. Mwezi Agosti 1942, katika jangwa la Misri, iligunduliwa kwamba marubani kadhaa wa kundi moja la Kijerumani walikuwa wakiruka pamoja, wakimaliza risasi zao mchangani, kisha wakirudi na kushuhudiana wao kwa wao kuwa wameshinda. Kanuni ya shahidi ilitimizwa barabara, na uwongo ukapita mlango wa mbele.

Huenda msomaji aliye jeshini akasema kwamba kuongeza hesabu hakumdhuru mtu, kwani kunawatia moyo askari na jamaa zao nyumbani. Wajerumani wa mwaka 1940 wangemjibu. Wakuu wao wa upelelezi walichukua idadi ya ndege za Kiingereza waliyoidhania, wakatoa zile ambazo marubani wao walidai kuzitungua, wakaona kwamba Uingereza imebakiwa na ndege chache mno za kujilinda. Kwa hesabu hiyo wakapeleka vikosi vyao mchana kweupe, na angani wakakutana na makundi ya ndege ambazo kwenye karatasi zilikuwa zimekwisha teketea. Kamanda aliyedanganyika hivyo hupeleka watoto wa watu mahali ambapo asingewapeleka lau angeijua kweli.

Sasa turudi huku kwetu Afrika ya Mashariki, ambako kazi ya uhakiki ni ngumu zaidi. Katika vita vya kuwatoa Waitaliano Ethiopia alikuwapo rubani wa Afrika Kusini, Kapteni John Frost, aliyekuwa miongoni mwa watunguaji mashuhuri wa jeshi lake. Tarehe 15 Machi 1941, alipokuwa akiushambulia uwanja wa ndege wa Diredawa, ndege yake ilipigwa na mizinga ya ardhini, naye akalazimika kutua karibu na adui. Mwenzake, Luteni Robert Kershaw, alitua kandokando yake chini ya risasi, wakabanana wawili katika kiti cha mtu mmoja, wakaruka na kurudi salama. Mkasa huo una mashahidi, na hakuna aliyeubisha. Lakini tarehe 16 Juni 1942, huko Afrika ya Kaskazini, Frost huyo huyo alitoweka katika mapigano, na mwili wake haukupatikana wala ndege yake. Mtu ambaye ushindi wake uliandikwa mmoja mmoja kwa wino, kuanguka kwake mwenyewe kukakosa shahidi.

Miaka thelathini na mitano baadaye, mwaka 1977, vita vya Ogaden vilizuka kati ya Somalia na Ethiopia. Ndege za F-5 za Ethiopia, zilizotoka Marekani, zilipambana na MiG za Somalia, zilizotoka Urusi ya Kisovieti. Waethiopia walidai ushindi mwingi wa angani, na jina lililovuma kuliko mengine lilikuwa la Legesse Teferra. Yeye naye alitunguliwa mwaka ule ule, akakaa kifungoni Somalia mpaka mwaka 1988, nchi hizo mbili zilipopatana na kubadilishana wafungwa. Aliporudi alipokewa kama shujaa. Lakini mtu akifungua kitabu hiki na kile ataona kwamba hesabu ya ndege alizoziangusha hailingani.

Sababu yake si ngumu kuifahamu. Mwamuzi wa mwisho wa madai ya aina hii si aliyefyatua, bali ni daftari la aliyepigwa. Karani wa upande wa pili anajua ndege ngapi zilitoka asubuhi na ngapi zilirudi, nani alilipwa mshahara wa mwisho wa mwezi, na mke wa nani alipelekewa barua. London ilipata kuamua habari za mwaka 1940 kwa sababu madaftari ya Berlin yaliangukia mikononi mwa washindi. Katika Ogaden mambo yalikuwa kinyume. Serikali ya Siad Barre ilianguka Mogadishu mwezi Januari 1991, na serikali ya Mengistu ikaanguka Addis Ababa mwezi Mei mwaka ule ule. Dola ya Somalia iliposambaratika, nani alishughulika kuokoa kabati la karani wa jeshi la anga?

Wala asidhani mtu kwamba shida ni ya angani peke yake. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976 makomando wa Israel walivamia uwanja wa Entebbe, na kabla ya kuondoka waliziharibu ndege za kivita za Uganda. Ndege zile zilikuwa zimeegeshwa, hazikimbii wala hazitoi moshi wa hila. Hata hivyo zipo hesabu zinazosema 11, na zipo zinazokaribia 30. Ikiwa ndege zilizosimama uwanjani zinahesabiwa hivi, msomaji na apime mwenyewe zile zinazopita kwa kasi ya sauti.

Kuna jambo jingine, nalo lawahusu hasa askari wa ardhini na walio nyumbani wakiwasubiri. Katika majuma ya mwanzo ya vita vya Kagera, mwaka 1978, watunguaji wa Tanzania walizipiga ndege tatu karibu na Musoma. Ndege zilianguka kweli, na ushindi haukuhitaji kamera. Kumbe zilikuwa ndege za Tanzania. Hapo swali halikuwa tena kama ndege imeanguka, bali ni ya nani.

Swali hilo la pili ndilo lililoleta msiba mkubwa katika nchi hii ya Sudan Kusini. Tarehe 16 Agosti 1986 ndege ya abiria ya Sudan Airways, aina ya Fokker, iliondoka Malakal kwenda Khartoum. Muda mfupi baada ya kuruka ilipigwa kwa kombora la begani. Watu wote 60 waliokuwamo, abiria na wahudumu, walikufa. Kati ya madai yote ya vita vile, hili halikuwa na mashaka hata chembe, maana orodha ya abiria ilikuwapo, na kila jina lilikuwa na jamaa waliokuwa wakilingoja uwanjani. Mwandishi huyu huwaza kwamba kama kombora lile lingeikuta ndege ya jeshi, labda leo tungekuwa tunabishana kama ilianguka au haikuanguka.

Makombora yenyewe pia hudanganya macho. Lile la Strela, lililotumiwa sana katika vita vya kwetu, hufuata joto la injini, lakini halifiki mbali. Ndege iliyo juu zaidi ya mita 2,300 hivi imekwisha kuwa salama. Likikosa, haliendi milele. Baada ya sekunde kama 15 hujilipua lenyewe, ili lisije likaanguka juu ya vichwa vya wenyewe. Risasi nyingi za mizinga ya kutungulia ndege nazo zimetengenezwa hivyo. Mtu aliye handakini anaona Antonov inapita juu ikimwaga mabomu, anaona kombora likipanda, kisha anaona mwali na wingu la moshi kando ya ndege. Nani angemlaumu akipiga kelele za shangwe? Ndege inaendelea, inapotea nyuma ya mlima, na kwa kuwa haikurudi siku ile, kambi nzima inalala ikiamini imeanguka huko mbele. Labda imeanguka. Labda rubani alibadilishiwa njia kesho yake.

Wakazi wa Juba watakumbuka mwezi Aprili 2012, wakati Sudan na Sudan Kusini zilipokuwa zikipigana katika maeneo ya mafuta. Tarehe 4 ya mwezi ule jeshi la Sudan Kusini lilitangaza kwamba limetungua ndege ya Sudan aina ya MiG-29 katika jimbo la Unity. Khartoum ikakanusha. Msikilizaji aliyekuwa Nyakuron na redio yake mezani alibaki na kauli mbili, kila moja ikitolewa na msemaji mwenye cheo. Injini ya MiG-29 inajulikana kwa kufuka moshi hata ikiwa nzima kabisa, kwa hiyo moshi peke yake si hoja. Linaloweza kumaliza ubishi wa namna hiyo ni kibao cha injini chenye namba, au rubani mwenyewe, au hesabu ya ndege za aliyepigwa. Siku hizi picha za setilaiti husaidia kuhesabu ndege zilizo uwanjani, ila ndege iliyo ndani ya banda haipigiki picha, na iliyofunguliwa karakanani kwa kukosa vipuri huonekana vile vile kama iliyokufa vitani.

Rubani mwenyewe, nimesema. Rubani akishikwa hai hoja imekwisha, lakini huo ndio mwanzo wa mateso ya wengine. Mwezi Juni 1998, katika vita vya Ethiopia na Eritrea, ndege ya Ethiopia iliangushwa Asmara na rubani wake, Kanali Bezabih Petros, akakamatwa. Yeye alikuwa amekwisha kutunguliwa na kushikwa na Waeritrea mara moja kabla, katika miaka ya themanini. Mwaka 2002 wafungwa wa vita walirudishwa makwao, naye hakuwamo. Majuma kadhaa ya mwaka 1999 mataifa hayo mawili yalitangaziana idadi za ndege zilizoanguka, Su-27 za upande huu na MiG-29 za upande ule, na idadi hazikukubaliana. Katika mabishano hayo yote ya tarakimu, ndugu wa rubani hawatafuti tarakimu. Wanatafuta kujua kama wafanye matanga au waendelee kumwekea sahani.

Hapo ndipo nimwonapo mama wa Nyakuron kuwa na haki ya kuuliza. Ikiwa mumewe aliangusha ndege mbili, basi mahali fulani, pengine Omdurman au Wad Medani, kuna wajane wengine, na tarehe zao za matanga zingelingana na tarehe za mumewe. Ikiwa hakuna wajane, hakuna ndege.

Watoto waliniomba nikitazame kile kipande. Nilikitazama kwa muda mrefu. Ribiti zile na wepesi ule ni vya ndege, sina shaka. Lakini ndege hutengenezwa kwa maelfu ya vipande vya namna hiyo visivyo na jina, na vile vyenye jina ni vichache: vibao vya chuma vilivyopigiliwa katika injini na gia, vyenye mwaka na namba ya kiwanda. Kile kilikuwa hakina. Palikuwa na tundu mbili ndogo pembeni ambapo labda kibao kiliwahi kukaa, au labda ni tundu za msumari wa mtu aliyetaka kukitundika ukutani. Isitoshe, ndege nyingi zimeanguka katika nchi hii bila kupigwa na mtu, kwa mvua, kwa mzigo kuzidi na kwa uchakavu. Ushahidi mwingine ulikwisha yeyushwa zamani na mafundi, na kwa hakika wako akina mama wanaopikia mabaki ya ndege bila kujua, maana aluminiamu ya ndege hutoa sufuria nzuri.

Nilimgeukia yule kijana nikamwuliza, "Ndugu, kituoni kwako, mashahidi wa ajali mnawahoji wote pamoja?"

"Hapana. Kila mmoja peke yake."

"Kwa nini?"

Akanyamaza kidogo. "Wakikaa pamoja wanapeana maneno."

"Na hao wenzake marehemu, umewasikia wapi wakisema mbili?"

"Msibani," akajibu, na mama yake akacheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Wazee watatu waliokuwa na marehemu bado wako hai, mmoja papo hapo Juba. Kijana aliamua kwenda kwao na daftari, kwa kila mmoja siku yake, bila kutaja idadi yoyote. Atawauliza ilikuwa mwezi gani, mvua au kiangazi, ndege ilikuwa ya injini ngapi, ilitokea upande gani, nani alikwenda kutazama mabaki na alichukua muda gani kufika. Kisha atalinganisha. Shemeji yake aliuliza kwa nini kusumbua wazee kwa mambo yaliyopita. Nadhani alikuwa na hoja kwa upande wake, kwani wazee huchoka. Lakini wazee hao hawatakuwapo siku zote, na daftari la upande wa pili, kama lipo, haliko mikononi mwetu.

Kwa wakati huu wamekubaliana kuandika jina, miaka, na kwamba alikuwa askari wa mizinga ya kutungulia ndege. Fundi wa saruji ameagizwa aache nafasi ya mstari mmoja chini.

Nilipokuwa nikiaga, mama alikuwa amekwisha kukifungua kile kitambaa. Mtungi ulikuwa wazi tangu siku ya mazishi na vumbi la kiangazi lilikuwa linaingia. Akakipangusa kipande kwa ncha ya nguo yake, akakirudisha juu ya maji, akamwambia mwanawe kwamba akipata namba ya kuandika aje akichukue.